Zamu ya Mvua ya Ngazini

Karani wa mvua hafokewi. Ndiyo desturi ya milimani kule, wala haijaandikwa popote: mtu anayepanga zamu za mvua huamkiwa kwanza, huulizwa habari za nyumbani, ndipo aelezwe shida. Kwa hiyo Mama Zaina, mwenyekiti wa kijiji cha Ngazini, alipoingia ofisini kwa Hizza Shemboza akiwa na wenzake wawili, hakupaza sauti. Aliuliza hali ya watoto, akaketi kwenye benchi, akafungua kanga yake na kutandaza mezani miche ya kabichi iliyokauka hadi ikawa inapukutika kama maganda ya vitunguu.

"Tunaomba utusomee, karani," alisema. "Waraka uliobandikwa sokoni unasema Jumanne ni zamu yetu. Jumanne zinakuja, zinapita, na kwetu hata vumbi halijalala. Nani anatunywea mvua yetu?"

Hizza akavuta kibodi karibu. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo, na baadaye hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

Mawingu ya milima ile yaliacha kunyesha yenyewe zamani, Hizza hajazaliwa. Yalikuwa yakipita juu, mazito, meusi, yakaenda zao. Ni minara iliyojengwa ukingoni mwa milima ndiyo iliyoyakamata na kuyakamua, na kwa kuwa minara haiwezi kunyeshea kila kijiji kwa wakati mmoja, kukawa na zamu. Hapo mwanzo zamu zilipangwa na mashine zinazosema, zile zenye sauti tamu, ambazo ukiziuliza jambo zisilolijua hazikubali kwamba hazijui. Ziliahidi mvua ambayo haikuwepo, kwa upole kabisa, msimu mzima, mpaka watu wakala mbegu zao. Baada ya njaa ile baraza la milima liliapa kwamba mvua itaandikwa kwa maandishi matupu: faili moja, herufi na nyota, ambalo yeyote aliyemaliza darasa la nne angeweza kulifungua na kulielewa. Nyota moja mwanzoni mwa mstari ni kijiji. Nyota mbili ni kitongoji kilicho chini ya kijiji hicho. Chini ya jina unaandika siku ya zamu na kiasi cha mvua, kazi imekwisha.

Hizza akatafuta jina. Mstari ukajitokeza: Ngazini, Jumanne, mvua ya kuoteshea. Tarehe ilikuwa sawa, mabano yamefungwa, hakuna nafasi iliyozidi. Aliona alichotaka kuona.

"Maandishi yako sawa, mama," akasema, na akaigeuza kompyuta ili naye ajionee. "Na kama maandishi yako sawa na mvua haikunyesha, basi shida iko mnarani."

Wale wanawake wakatazamana. Mnara unaoinyeshea Ngazini ulikuwa na mtunzaji mmoja tu, Bi Mwanvita Kaniki, na Hizza alilijua hilo wakati anafungua mdomo. Alilisema kwa wepesi wa mtu anayemwelekeza mgeni chooni. Mama Zaina akaikusanya miche yake, akaifunga kwenye kanga, akashukuru.

* * *

Kabla ya adhuhuri habari ilikuwa imefika kwa Mratibu Singano, mkuu wa ofisi ya zamu, na Mratibu hakuwa mtu wa kukalia jambo. Alimtuma mtu mnarani kumwita Bi Mwanvita aje na funguo. Kisha akachungulia ofisini kwa Hizza.

"Nitolee waraka wa minara wa majuma haya yaliyopita," alisema. "Nataka kuuambatanisha na mashtaka. Watu wasije wakasema tumemwonea."

Faili lilikuwa moja, lakini nyaraka zilizotoka humo zilikuwa mbili. Waraka wa vijiji ulibandikwa sokoni na kusomwa misikitini na makanisani. Huo ulichapa kila jina, kwa sababu hakuna mtu anayependa kuona kijiji chake hakimo. Waraka wa minara ulisomwa na minara yenyewe, na huo haukuwa na adabu za binadamu. Kilichoandikwa mnara unakitimiza, ambacho hakimo haukijui. Hizza alikuwa hajauangalia kwa macho yake tangu masika. Nani aukague, na minara haijawahi kulalamika?

Akautoa, akausoma kutoka juu hadi chini. Ngazini haikuwemo.

Kwanza alidhani amechagua juma lisilo lake. Akautoa upya, ikawa vilevile. Akaizima programu, akaiwasha. Akapitia mistari ya juu ya faili, ile inayoamuru nini kitoke na nini kibaki, akaiondoa mmoja baada ya mwingine na kuirudisha. Akafungua faili jipya la majaribio, akaandika humo Ngazini peke yake, nyota moja, Jumanne, akatoa waraka, na Ngazini ikatoka safi kabisa. Basi programu ilikuwa nzima. Ugonjwa ulikuwa ndani ya faili lake mwenyewe.

Hizza alikuwa mtu wa unadhifu. Siku zote alifanya kazi huku vichwa vyote vya faili vimekunjwa, ili kioo kionyeshe majina ya vijiji tu bila vurugu zilizo chini yake. Safari hii akakunjua kila kitu. Akateremka polepole. Na pale chini ya Kwetindi, ndani ya Kwetindi kama mtoto mgongoni, akaikuta Ngazini. Nyota mbili.

Mbele ya jina la Kwetindi lilikuwepo neno KIMYA.

Neno hilo alikuwa ameliandika yeye, siku aliyozikwa Mzee Kilua wa Kwetindi. Kijiji kikiwa na msiba mkubwa hakinyeshewi mpaka kipitishe arobaini; watu wanalala nje, wapishi wako uani, na mvua ya mnara juu ya matanga ni tusi. Karani angeweza kuisogeza tarehe tu, lakini hilo nalo ni utovu wa adabu, kana kwamba unawapangia wafiwa siku ya kufuta machozi. Ndiyo maana makarani huandika KIMYA mbele ya jina, programu ikaliruka, na wazee wa kijiji wenyewe wakileta habari kwamba sasa inatosha, neno linafutwa. Ilikuwa desturi nzuri. Hizza aliipenda. Ila programu ikiambiwa iruke kijiji, huruka pamoja na kila kilicho chini yake.

Na Ngazini haikupaswa kuwa chini ya Kwetindi. Ilikwisha kujitenga na kuwa kijiji kamili. Hizza alialikwa kwenye sherehe, akala pilau mpaka akalegeza mkanda. Alichotakiwa kufanya ofisini kesho yake ni kufuta nyota moja. Akaiahirisha kwa kuwa ana shughuli, kisha akaisahau kwa kuwa hakuna kilichoharibika. Mvua iliendelea kwenda kote kuwili. Kosa likakaa pale limetulia mpaka ukaja msiba.

Bado ameduwaa mbele ya kioo, akasikia sauti ya Bi Mwanvita kwenye ukumbi wa nje. Ukoo wake na ukoo wa akina Shemboza ni watani tangu mababu, na yule mama hakuwahi kupita mlango huo bila kumtukana.

"Yuko wapi huyo karani, mwizi wa kuku?" alikuwa akiuliza. "Mwambieni mtani wake anafukuzwa leo, atoke aje acheke."

Hakuna aliyecheka. Hizza alisikia funguo zikiwekwa mezani, sauti ya Mratibu ikisoma jambo, na sauti ya Bi Mwanvita ikiuliza, sasa bila mzaha, "Mimi? Niinyime mvua Ngazini, nilikomwoza mwanangu?" Kulikuwa na hatua chache tu kati ya kiti chake na mlango. Hata sentensi ilikuwa tayari mdomoni: Kosa ni langu, mwacheni. Hakuinuka. Alikaa ametazama kibodi, uso unamwaka moto, akingoja yule mama aondoke.

Alipoondoka, Hizza akafuta nyota ile. Akatoa waraka upya, akauona una Ngazini ndani yake, na minara ikaupokea.

* * *

Jumanne iliyofuata mvua ilinyesha Ngazini.

Ilinyesha kwa kiasi kile kile kilichoandikwa, mvua ya kuoteshea, na watu walitoka nje wakasimama humo na nguo zao. Watoto waliimba. Na mpaka ilipokatika, kijiji kizima kilikuwa kimekwisha kujumlisha mambo yake: Mwanvita ameondolewa, mvua imerudi. Ushahidi gani tena unautaka? Hizza hakuwa amelifikiria hilo. Alipofuta ile nyota alidhani anatengeneza. Kumbe alikuwa anampigilia yule mama misumari, na kila tone lililoanguka Ngazini lilikuwa shahidi dhidi yake.

Alikwenda kwa Mratibu Singano akamweleza yote, macho yake yako sakafuni. Mratibu alisikiliza, akafunga mlango.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi sikiliza, ndugu yangu. Mwezi ujao baraza linapiga kura kuhusu mashine zinazosema. Wenye mashine wamekuja na tabasamu lao, wanasema sasa zimerekebishwa. Wewe simama leo useme kwamba maandishi matupu yamekausha kijiji kizima na sokoni waraka unasema kuwa wamenyeshewa. Unafikiri watasema nini?"

"Watasema karani amekosea."

"Watasema maandishi yamekosea. Watu hawatenganishi. Wataturudisha kule kule." Alivua miwani, akayafikicha macho, hakuwa mtu mbaya, alimzika dada yake katika njaa ile. "Bi Mwanvita ni mtu mzima, ana shamba, ana watoto. Baraza litamwondoa kazini, basi. Hafungwi. Ukipima mizani, Hizza, ni mtu mmoja."

Hoja ilikuwa nzito, na Hizza aliibeba akaenda nayo nyumbani. Aliigeuza huku na huku usiku na mchana, na kila alipoigeuza aliona jinsi inavyomfaa. Hapo ndipo palipokuwa na aibu yake. Angekuwa amenyamaza kwa ajili ya milima, sawa. Lakini aliuchuna pale ofisini kabla Mratibu hajampa sababu yoyote, na sababu ilikuja baadaye, ikamkaa vizuri kama shati la kushonesha. Hakuwa mlinzi wa maandishi. Alikuwa mwoga.

Ijumaa Bi Mwanvita alikuja nyumbani kwake. Mke wake alimkaribisha barazani, akaenda kuweka chai.

"Shikamoo, shangazi," alisema Hizza.

"Marahaba, karani."

Hakumwita mwizi wa kuku. Hakumwita mtani. Alikaa kwenye ncha ya kiti, mikono yake mikubwa, iliyozoea vyuma vya mnara, imelala mapajani kama vitu vya kuazima.

"Sikuja kukusumbua," alisema. "Watoto wananiita mnywa mvua, hilo najua litapita. Ila mkwe wangu wa Ngazini haniletei tena wajukuu. Anasema wenzake watamtenga. Na mimi, karani, nimejiuliza sana. Nimekaa nikajiuliza kama labda uzee umeanza, labda nilifunga vali bila kujijua. Mtu ukiambiwa na watu wote umefanya, unaanza kujitilia shaka." Akainua macho. "Wewe ndiye mjuzi wa maandishi. Nakuomba uniangalizie tena. Kama ni mimi, uniambie tu."

Sasa, hapo mtu mwingine angeanguka miguuni pake. Hizza alisema, "Nitaangalia, shangazi." Na si hivyo tu; alimsisitiza anywe chai, akamwongezea sukari. Yule mama alishukuru mara mbili. Alipokwenda zake, Hizza aliingia chooni akafunga mlango, akalia bila sauti, mkono mdomoni ili mke wake asisikie. Kumwacha mtu abebe zigo lako ni jambo moja. Kumwona anashuku akili yake mwenyewe kwa sababu yako, ukamtilia sukari, ni jingine.

* * *

Baraza la kumhukumu Bi Mwanvita lilifanyika Ngazini, kwenye darasa kubwa la shule, na watu wa Ngazini kwa furaha yao waliliweka Jumanne makusudi ili wageni wasikie mvua yao. Waliisikia kweli. Bati lilivuma mpaka wazee wakawa wanasemeshana masikioni. Bi Mwanvita aliketi mbele, peke yake kwenye benchi linalotosha watu wanne. Mkwe wake alikuwa nyuma kabisa, kichwa ameinamisha.

Desturi inataka karani afungue baraza kwa kusoma zamu. Hizza alisimama na kompyuta yake mpakato, akaiweka juu ya meza ya mwalimu. Hakusoma zamu.

"Bi Mwanvita hana kosa!" ilibidi apige kelele. "Kosa ni langu mimi!"

"Nini?" waliuliza wa nyuma.

"Nimesema kosa ni langu! Niliiacha Ngazini chini ya Kwetindi! Kwetindi iliponyamazishwa kwa msiba, na ninyi mkanyamazishwa!"

Aliendelea kueleza, nyota na vichwa na nyaraka mbili, akifoka kama mchuuzi wa samaki ili asikike juu ya mvumo wa bati, na aliona nyuso zao zikilegea taratibu katika jambo ambalo hakulitarajia. Walikuwa wanamwonea huruma. Mzee mmoja akatikisa kichwa akitabasamu. Mama Zaina akainuka.

"Karani," alisema, kwa sauti ya juu lakini laini, "sote tunajua huyu ni mtani wako. Utani una haki zake, na kumtetea mtani ni uungwana. Lakini wewe mwenyewe ulinionyesha. Ulinigeuzia kioo, ukaniambia maandishi yako sawa. Nilisoma kwa macho yangu. Maandishi matupu hayadanganyi, au yanadanganya?"

Watu wakapiga makofi. Walimpigia yeye, kwa wema wake. Mratibu Singano, kwenye kiti cha pembeni, alimtazama na kumwonyesha kwa kiganja kwamba akae: umesema, hawakutaka, yamekwisha. Na mlango ulikuwa wazi kweli. Angeweza kukaa, akawa mkweli aliyekataliwa, mtu aliyejaribu. Aliuona utamu wa jambo hilo. Kisha akaona kwamba Bi Mwanvita hakupiga makofi wala hakumtazama Mama Zaina. Alikuwa anamtazama yeye, macho membamba, kama anavyosikiliza mtambo unaogonga.

Hizza akaigeuza kompyuta, kioo kikaelekea watu. Akaenda kwenye mstari wa Ngazini, chini ya Kwetindi ambayo bado ilikuwa na neno KIMYA. Mbele ya nyota yake moja akaongeza nyingine. Akatoa waraka wa minara.

Mwanzo hapakuwa na mabadiliko yoyote. Mratibu alikuwa amekwisha kusimama, ameelewa kabla ya wote, mkono ameunyoosha. Halafu mvumo wa bati ukapungua. Ukawa matone yanayohesabika, kisha matone ya mapaa tu, kisha ikawa kimya.  Nje, kuku alianza kulia. Watu walitazama juu, na kutoka juu wakatazama kile kioo, ambapo hapakuwa na kitu zaidi ya alama moja ndogo ambayo mtoto wa darasa la nne angeweza kuichora.

Mkwe wa Bi Mwanvita alifunika uso kwa mtandio.

"Rudisha," alisema Mama Zaina. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Rudisha mvua yetu, karani. Kabichi zimeanza kushika."

Hizza akapeleka kidole kwenye kibodi. 

"Ngoja," alisema Bi Mwanvita.

Aliinuka polepole kutoka kwenye benchi lake, akainyoosha kanga mabegani. Hakuwa na hasira usoni. Ilikuwa afadhali angekuwa nayo.

"Mwenyekiti, nawaombeni mvua yenu isubiri kidogo," alisema. "Ikianza tena hatutamsikia." Akamgeukia Hizza. "Uliijua hii lini?"

Hapakuwa na bati la kumfichia sauti. Wa mbele walimsikia, na wa nyuma, na wale waliokuwa wamesimama mlangoni na madirishani, na Mratibu, na mkwe.

"Kabla hujakabidhi funguo, shangazi," alisema. "Nilikusikia unaniita."